Ukanda wa Msumeno Niliouviringisha kama Mkeka

Sisi ambao tulikuwa na miaka kumi wakati mamluki wa kizungu bado ni kitu cha kuchunguliwa dirishani, tulicheza na chochote kilichoanguka chini. Ukuti wa mnazi ulikuwa saa ya mkononi, ulikuwa pete, ulikuwa miwani, ulikuwa nyoka wa kumtishia mwenzako. Maranda ya mbao kutoka karakana ya baba yalikuwa nywele za kizungu. Tuliyabandika kichwani kwa uji wa muhogo, tukaenda nayo shioni, yaani chuo cha Kurani, na mwalimu akatuchapa wote bila kuuliza nani alianza. Najua watu wazima watacheka wakisikia msichana wa miaka kumi na saba akisema "zamani". Wacheke tu. Mdogo wangu ana miaka kumi sasa, na ukimpa ukuti anakuuliza akafagie wapi. Anachojua yeye ni kusimama nje ya nyumba yenye video, asikilize watu wanavyopigana karate ndani, kisha aje kunipiga mimi.

Naandika Kiswahili kwa sababu ya koko. Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Koko alizaliwa Unguja, akarudi Moroni, mji wa wazee wake, mtu mzima na mabunda mawili ya nguo na lugha hii, akanifundisha kuisoma kwa barua za dada zake. Kaka zangu wanajua Kifaransa cha shule na Kiarabu cha chuoni, lakini Kiswahili wakikiona kwenye karatasi wanachoka mstari wa pili, basi daftari langu limesalimika. Maneno ya watu humu nimeyageuza kwa Kiswahili. Baba alikuwa akisema Kinzuani chake cha Mutsamudu, mama na ndugu zake Kingazija chao, wakachekana matamshi miaka yote ya ndoa yao na bado wakapata watoto watano.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba alikuja Moroni fundi kijana, akaoa, akaingia nyumbani kwa mama kama wanaume wote wanavyoingia, na karakana yake ikawa pembeni mwa ua wa mama, chini ya bati, kwa ruhusa ya mama. Lakini hakuwahi kufanya ndoa kubwa pale mjini, ile ya ng'ombe na dhahabu na kulisha mji mzima, kwa hiyo kwenye mikutano ya wanaume alikaa nyuma na hakuna aliyemuuliza maoni. Mwenye kauli nyumbani kwetu alikuwa mjomba, kaka wa mama, mtu mkubwa mwenye kofia iliyotarizwa vizuri kuliko zote nilizowahi kuona na sauti iliyofika kabla yake.

Ndiyo maana kitanda cha Dada Sitti kilikuwa jambo zito. Dada alikuwa anaolewa, na ndoa ilikuwa hiyo hiyo kubwa. Mjomba alisimamia ng'ombe, mchele, wageni na ratiba. Baba aliomba kitu kimoja tu, kitanda cha bibi harusi, akitengeneze yeye kwa mkono wake. Kila mgeni wa kike angeingia chumbani kukitazama, na kila mmoja angeuliza kimetoka kwa nani. Nilisikia baba akimwambia mama, "Sina la kusema barazani kwenu. Nitasema kwa mbao." Mama akamjibu, "Basi zisiwe na nyufa."

Baba alikuwa na mashine ya msumeno wa mkanda, ya kijani, aliyoinunua kwa Mfaransa mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Ina gurudumu juu na gurudumu chini, na ukanda wa chuma wenye meno unazunguka juu yake kama kamba ya kisima isiyo na mwisho. Mashine hiyo ndiyo aliyokuwa anakatia mawimbi ya ubao wa kichwani mwa kitanda. Wiki mbili kabla ya harusi, umeme ukarudi baada ya kukatika mchana kutwa, baba akawasha kwa hamu, ubao ukakutana na fundo, na ukanda ukakatika vipande vitatu, meno yakang'oka, kwa mlio ambao koko aliuitikia "Lailaha!" kutoka jikoni. Ukanda mwingine haukuwepo Moroni. Wa kuagiza ungefika Dada Sitti akiwa na mtoto wa pili.

Kwa hiyo tukavuka bahari mpaka Mutsamudu, kisiwani kwao baba, yeye na mimi, kwa sababu ilikuwa likizo na shangazi alikuwa akiniulizia katika kila barua. Kutoka mjini tulipanda mpaka Patsy, juu, ambako hewa inanuka maua ya ilangi-ilangi mpaka unahisi umeoshwa nayo. Huko kulikuwa na kiwanda kidogo cha mbao cha shamba moja la zamani, kimefungwa, kuku wanataga kwenye mashine. Mlinzi alikuwa amesoma na baba chuoni. Walikumbushana fimbo walizopigwa, wakacheka, kisha akamtolea kutoka ukutani ukanda wa msumeno uliotundikwa miaka mingi, umekunjwa duara tatu, una kutu lakini meno yake mazima. "Huu ni mrefu, Fundi. Mashine yake ilikuwa ndefu kama mlingoti," alisema mlinzi. "Kirefu kinapunguzwa," baba akasema. "Kingekuwa kifupi ndipo ningelia."

Tuliporudi, bandarini Moroni mizigo ilikuwa ikikaguliwa. Mamluki, wale wazungu wa jeshi, walivaa nyeusi, na sisi watoto tulikuwa na hakika kwamba hawalali. Mmoja alibonyeza gunia letu kwa kidole, akauliza kwa Kifaransa ndani mna nini. Baba akasema, kwa Kifaransa chake cha mbao na misumari, kwamba ni kitanda cha binti yake. Yule akatazama gunia, akamtazama baba. "Usikate kamba, bwana," baba alisema, "tafadhali, usikate." Akakata. Ukanda uliokunjwa una hasira ya ajabu. Uliruka kutoka guniani ukafunguka wote mara moja, ukalia hewani, na yule mzungu mwenye bunduki akarudi nyuma hatua tatu na kukaa juu ya kapu la samaki wakavu la mama mmoja. Watu walikuwa wanakitafuna kicheko kama muwa. Yeye aliinuka, akaukanyaga ukanda kwa buti kuonyesha nani mkubwa, akatuambia tupite. Mama mwenye kapu akamwambia baba, taratibu, "Harusi ikifika nialike. Nimechangia."

Kupunguza ukanda wa msumeno ni kazi ya subira, na naikumbuka kama wengine wanavyokumbuka kupika. Baba alizungusha uzi kwenye magurudumu yote mawili kupata urefu wa mashine, akaulaza uzi juu ya ukanda, akaongeza upana wa vidole viwili wa kupandishia ncha moja juu ya nyingine. Kisha alihesabu meno, kwa sababu pale kwenye kiungo jino lazima lifuate jino kwa nafasi ile ile, la sivyo msumeno unaruka kila ukipita pale. Akakata kwa patasi. Akazinoa ncha zote mbili kwa tupa, kila moja kwa mlalo, ya huku imelala chini na ya kule imelala juu, mpaka zilipolaliana zikawa na unene wa chuma kimoja. Nilipitisha ukucha juu yake nao haukukwama popote.

Kiungo chenyewe kilitaka fedha, ile ya vito. Baba alipokuwa mdogo Mutsamudu alikaa miaka miwili kwa sonara kabla hajakimbilia mbao, na alijua kuchanganya fedha na shaba kidogo ili iyeyuke kabla chuma hakijaungua. Mama alikwenda kwenye sanduku lake, akarudi na kikuku cha fedha chembamba cha mama yake mkubwa. Baba alikikata nusu, nusu akamrudishia, mama akaifunga kwenye ncha ya shiromani, nguo yake ya kujitanda.

Sasa ndipo ninapofika mimi, na hapa ningependa kuruka ukurasa. Ua wetu wakati huo haukuwa wetu tena. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamekaa humo wakichambua mchele, wakikuna nazi, nyuso zao zimepakwa msindanu wa manjano, yaani liwa, na bati la karakana lilikuwa sasa jiko. Mjomba ndiye aliyeamua hivyo. Baba alibakiwa na stoo, chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ukanda ulikuwa umelazwa varandani, ncha zake tayari, na baba akaniambia huku akiwasha taa yake ya kuchomelea, ile ya kupiga pampu, "Echati, ukunje huo vizuri uingie humu." Nami nikaukunja kama koko alivyonifundisha kukunja mkeka, kwa sababu ndiyo kukunja pekee nilikokujua. Nilianzia ncha moja, nikaviringisha ndani kwenda nje, duara tatu, nadhifu. Baba akapitisha ncha ya ndani chini ya duara zote mpaka ikutane na ya nje, akaziweka kwenye jiliwa, akasema, "Mikono ya koko hii!" Nilijivuna sana.

Mjomba alikuwa amekuja kuangalia, akasimama mlangoni akaziba mwanga wote. Wao wakazungumza, mimi nikachukua ukuti, kama kawaida yetu. Nikaviringisha duara tatu vile vile, nikaunganisha ncha kwa mwiba wa mlimau, nikaachia. Ukajisokota. Nikajaribu kuufungua uwe pete, ukakataa, ukajipinda kama mtoto asiyetaka kuoga. Nikachana ukuti mwingine, nikaunga kwanza ukiwa wazi, ukawa pete safi. Nikaikunja pete hiyo duara tatu kama ule ukanda wa Patsy ulivyokunjwa, nikaachia, ikafunguka safi. Nikaelewa. Ukanda uliokuwa kwenye jiliwa ulikuwa kama ukuti ule wa kwanza.

Baba alikuwa akipaka unga mweupe wa masonara, wa kufanya fedha ishike. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na muda mrefu tu. Lakini mjomba alikuwa pale, na mimi, niseme kweli, nilikuwa mtoto ambaye akitumwa dukani anasubiri duka liwe tupu ndipo aingie. Kumwambia baba amekosea mbele ya kaka wa mama! Nilifungua mdomo, nikapiga chafya ya uongo. Mwali wa taa ukaguna, chuma kikawa chekundu kama kaa la chini ya majivu, fedha ikakimbia ndani ya kiungo mara moja, ikang'aa, ikatulia. Kilikuwa kiungo kizuri kuliko vyote. Baba hakukipoza kwa maji, kwani chuma hicho ukikishtua kinakuwa kama kioo. Alikiacha, akakipasha tena kidogo, akakiacha tena, huku mjomba akihema kwa kuchoka.

Walipoutoa varandani kuufungua, ukanda ulijisokota mbele ya watu wote. Baba alivuta huku, ukapinda kule. Aliweka goti, ukamrukia begani.

"Shemeji," alisema mjomba, "ulituahidi kitanda, umetuletea nyoka!"

Wanawake walicheka, na dada yangu pia, na mimi sijawahi kusahau kwamba mimi pia nilicheka, kwa hofu. Baba alikaa chini, akaupapasa ukanda wote kwa dole gumba, polepole, akitafuta. "Ni yule mzungu wa bandarini," alisema mwishowe. "Aliukanyaga. Umepindika humo ndani na chuma hakisahau." Mamluki walifanya mengi katika nchi hii, lakini hilo hawakulifanya, na mtu pekee aliyejua nilikuwa mimi, nimekalia ushahidi, kwa sababu nilikuwa nimekalia ule ukuti.

Mjomba akasema basi, hakuna aibu, kitanda kitanunuliwa cha dukani, cha chuma, chenye maua ya rangi, kila mtu siku hizi ananunua. Baba akasema, "Haya." Hilo "haya" lilikuwa dogo sana. Akaingia stoo na ukanda wake, na nikamsikia akizima taa.

Nikamfuata. Nilisimama, nikaweka kuti zangu mbili juu ya jiliwa, ule uliojisokota na ile pete, nikatazama miguu yangu. Baba aliziangalia. "Nini hiki?" Sikuweza. Baba angeweza kukisia, alikuwa fundi, alikuwa na macho. Nadhani hata alikwisha kukisia. Lakini alivuta kigogo, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Sema, mama," aliniambia. "Nasikiliza."

Nje mama aliita, "Baba Sitti, mjomba anauliza kama kitanda kinunuliwe leo!"

"Subirini," akasema baba. "Echati anasema."

Nilikuwa bado sijasema neno hata moja. Walisubiri. Yeye ndani, wao nje, na mchele ukaacha kuchambuliwa. Kisha nikasema, kwa sauti ya mbu, kwamba kosa ni langu, nimeuviringisha kama mkeka, ulitakiwa uungwe ukiwa wazi kisha ndipo ukunjwe, na nilijua kabla ya moto na nikanyamaza. Baba aliuvuta ule ukuti uliosokotwa, akautoa mwiba, ukanyooka. Aliuliza, "Ulijua kabla ya moto?" Nikasema ndiyo. "Basi siku nyingine nikatize," akasema. "Hata kama yupo mfalme mlangoni." Hakunipiga. Akasimama. "Tunataka nafasi ya duara pana, na nafasi iko uani tu. Mwanamume siwezi kuwaondoa wanawake wa watu kwenye kazi ya harusi. Nenda kaombe."

Kama angenituma kwa wale wa bandarini ningekwenda kwa urahisi zaidi. Wanawake ishirini, visu mikononi, wote wananitazama. Nilisema, "Baba anaomba ua." Hawakusikia. Nikasema tena. Mara ya tatu nilipiga ukelele, na koko akainua kichwa akasema, "Kumbe sauti anayo! Haya, sogeeni, mama huyu amesema."

Baba alipasha moto kile kiungo kizuri mpaka kikaachana, akazisafisha ncha. Mama alifungua fundo la shiromani na kumpa ile nusu ya pili bila kuombwa. Na kwa kuwa ukanda uliofunguliwa unataka kukimbia, wanawake waliushika kwa vitambaa, kuzunguka ua wote, duara moja la wanawake wenye nyuso za manjano, meno ya msumeno yakiwa juu, kila mmoja akimwambia jirani yake asiusokote. "Usisokote wewe!" "Wewe ndiye mkono wako umelala!" "Mwaka wa jana ulishika mkeka wangu hivyo hivyo ukapinda!" Baba alikuwa mwanamume pekee humo ndani, amepiga magoti na taa yake, na walimtania mpaka jasho likamtoka. Koko alipita akikagua duara kama mkaguzi wa jeshi. Fedha ikakimbia mara ya pili. Walipoachia, ukanda ulikaa chini, wazi, bila neno, na vigelegele vilipigwa ambavyo nina hakika vilisikika mpaka kijiji cha Mvouni.

Kitanda kilimalizika siku mbili kabla ya harusi. Wageni waliingia, wakapapasa mawimbi ya kichwani, wakauliza. Wale wanawake ishirini hawakumwachia baba kujibu. Kila mmoja alieleza namna *yeye* alivyoshika msumeno, na kwa jinsi walivyosimulia ungedhani baba alikuwa amekuja kutazama tu. Alifurahi kuliko mtu aliyepewa ng'ombe. Mjomba alikikalia kitanda, akaruka ruka kidogo na uzito wake wote, akasema mbele ya wazee wenzake wa barazani, "Shemeji yangu huyu, muulizeni mambo ya mbao." Wakamuuliza. Akajibu kwa muda mrefu mno.

Sasa nakaa mtaa wa Hombo kwa shangazi, nasoma lise, shule ya sekondari, hapa Mutsamudu. Vitanda vinakuja na meli vimefungwa karatasi, unakaza bolti, baada ya mwaka unakaza tena. Darasani mwalimu anauliza, anahesabu moja, mbili, anahamia kwa mwingine. Simlaumu, tuko wengi. Wenzangu wote wanajibu haraka, hata wasichokijua, na mimi mara nyingi jibu langu hufika wakati ubao umekwisha kufutwa. Siku hizi watu wana haraka hata na wasichana wanaojua jibu.

Na baba, mashine zimemla masikio. Likizo iliyopita nilikaa naye chini ya bati, nikamwambia jambo kwa ile sauti yangu ya mbu, naye akatabasamu na kuitikia kwa kichwa kwa adabu, kama anavyofanya kwa wageni. Nikaona hakusikia kitu. Nikasogea, nikavuta pumzi, nikarudia kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Nilimwambia habari za shule, za shangazi, za mtihani wa hisabati nilioufeli na yule kijana anayenikopesha kalamu, yote, mtaa mzima ukasikia, jirani akatoa kichwa dirishani akauliza kuna ugomvi gani. Mama akafunika uso kwa aibu. Baba alikuwa ameweka mikono magotini. "Enhe," aliniambia, "halafu?" Nami nikaendelea kupiga kelele.